KICC ni ya nani, na ni nani aliyeulizwa?

(Maneno haya niliyazungumza na wenzangu hapa Mjambere. Wengi mmeomba niyaweke kwenye uzi, basi nayaweka kama nilivyoyaandaa, na lugha yake ya barazani. Sheria ya uzi ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta.)

 

Naomba mwenye noti mfukoni aitoe. Hata ya hamsini, si lazima iwe ya elfu. Sichangishi, msiogope. Itazameni. Mwaiona picha ya jengo refu, na ubavuni mwake paa lililochongoka kama nyumba ya msonge? Hiyo ni KICC, jumba la mikutano ya kimataifa lililo katikati ya Nairobi. Noti hizi zilitoka Juni 2019, na zote tano, kuanzia 50 mpaka 1,000, zina jengo hilo. Kulikuwa na kesi hata juu ya picha yenyewe. Katiba, kifungu cha 231, yakataza sura ya mtu kuwekwa kwenye pesa, na mbele ya jengo hilo pana sanamu ya rais wa kwanza, nayo imeingia pichani. Walalamishi wakasema huo ni ujanja. Mahakama Kuu ikawakatalia. Hiyo tuiache. Nilitaka tu mjue kwamba hakuna mtu hapa Mjambere asiyetembea na KICC mfukoni, japo nikiuliza ni wangapi wamewahi kuingia ndani yake, mikono itakuwa ya kuhesabika.

Sasa. Novemba 2023 serikali ilitoa orodha ya mashirika 11 ya umma iliyotaka kuyabinafsisha. Kwenye orodha mlikuwa na kampuni ya mabomba ya mafuta, New KCC ya maziwa, Kenya Literature Bureau ya vitabu, na KICC. Mwakumbuka simu zilivyochemka wiki hiyo. Kundi moja lilisema, "Wanauza nchi!" Kundi la pili: "Waache wauze, mashirika haya kazi yake ni kula kodi yetu." Na la tatu, ambalo ndilo letu zaidi sisi watu wa Pwani: "Hilo ni lao wa Nairobi, latuhusu nini?" Nitayagusa yote, lakini hilo la tatu ndilo liniumalo, kwa hivyo sitalikimbilia.

Kwanza tujue jengo lenyewe lilikujaje, kwa sababu ugomvi wote umefichwa mle.

Kazi ya kulijenga ilianza 1967, likafunguliwa Septemba 1973. Wazo la mwanzo lilikuwa dogo tu: makao makuu ya chama kilichokuwa kikitawala, jengo la ghorofa chache. Kisha Kenya ikapata nafasi ya kuandaa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF, mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika, na hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha wageni wale. Basi mchoro ukanenepa. Mnara ukapanda mpaka mita 105, ghorofa karibu 30, ukawa jengo refu kuliko yote nchini kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliolichora ni Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso, Mkenya mwenzetu. Hapa nisikizeni vizuri. Wote wawili walikuwa watu wa Wizara ya Ujenzi. Nøstvik alikuja kwa msaada wa serikali ya Norway kufanya kazi kwenye serikali yetu, na Mutiso alikuwa msanifu mkuu wa majengo ya serikali. Yaani mwenye kuagiza nyumba alikuwa chama, na fundi alikuwa wa serikali.

(Kando kidogo. Kwenye mkutano ule wa 1973, ndani ya ukumbi uliokuwa bado wanukia rangi, rais wa Benki ya Dunia alitoa hotuba kuhusu umaskini uliokithiri, hali ya watu wasiokuwa na uhakika wa chakula wala afya. Sisi wanafunzi wa sayansi ya siasa bado twaisoma, yajulikana kama hotuba ya Nairobi. Kila nikiisoma huwa najiuliza aliyekuwa akifagia ukumbi siku ile aliisikia vipi.)

Turudi kwa fundi na mwenye nyumba. Zamani zile swali la nani hasa ni mwenyewe halikuulizwa, na sababu yake ni nyepesi. Chama na serikali vilikuwa kitu kimoja. Toka 1982 mpaka 1991 sheria yenyewe ilisema Kenya ni nchi ya chama kimoja, na hata kabla ya hapo mambo yalikuwa karibu na hivyo. Ni kama mume na mke wenye mfuko mmoja. Nani alinunua kochi? Hakuna anayeuliza mpaka siku ya talaka.

Talaka ilikuja Desemba 2002, chama kiliposhindwa uchaguzi. Mapema 2003 serikali mpya ikalichukua jengo. Chama kikapiga kelele kwamba ni lake. Serikali ikajibu kuwa lilijengwa kwa pesa za umma, kwa hivyo ni la umma. Mwaka 2004 likaundwa shirika la serikali la kuliendesha, na ndivyo lilivyo mpaka leo.

Mimi naamini serikali ilikuwa na haki ya kulirudisha. Jengo lililochorwa na wizara, likakuzwa kwa ajili ya wageni wa taifa, haliwezi kuwa la chama. Lakini angalia namna lilivyorudi. Halikurudi kwa sababu mtu alikaa chini na wananchi, akafungua madaftari, akasema pesa hizi zilitoka hapa na kiwanja kilitoka pale. Lilirudi kwa sababu waliokuwa na nguvu walibadilika. Na kitu kilichokuja kwa nguvu ya uchaguzi chaweza kuondoka kwa nguvu ya uchaguzi mwingine. Mali bila daftari, wazee wangu mwaijua iliyobaki.

Arusha nako kulikuwa na talaka, na jumba pia. Ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao makuu yake Arusha, majengo makubwa yenye mabawa matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Jumuiya ikavunjika 1977. Mwaka uliofuata Tanzania ikaanzisha shirika la AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, na makao yale yakawa kumbi na ofisi za kukodisha. Lakini mali ya Jumuiya haikuwa ya Tanzania peke yake, ilikuwa yetu pia na ya Uganda. Ilichukua miaka saba ya mazungumzo na mpatanishi, ndipo 1984 nchi zote tatu zikatia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni. Miaka saba ni mingi, lakini karatasi ipo. Jumuiya ilipofufuliwa ikarudi pale pale Arusha kama mpangaji, ikikaa kwenye majengo yaliyokuwa yake, mpaka ilipohamia makao yake mapya 2012. Sijasikia mtu akiandamana kusema AICC ni ya nani. Mambo yalikwisha kwenye karatasi.

Sasa tuje kwenye neno hili "kubinafsisha", kwa sababu mitandaoni watu hulitumia kama ndilo neno moja na "kuuza". Si neno moja. Kuna kuuza kabisa, ukapewa pesa, hati ikaondoka. Kuna kuuza hisa, kama 2008 serikali ilipouza robo ya Safaricom kwenye soko la hisa na majirani zetu wakakopa kununua. Na kuna kukodisha: kiwanja kinabaki cha serikali, mwekezaji anaendesha kwa miaka kadhaa, kisha anarudisha. Kampala walifanya hivyo na hoteli ya serikali ya Nile pamoja na jumba la mikutano la kimataifa lililo karibu nayo, lililojengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa Afrika wa 1975. Mwaka 2004 wakakodisha kwa kampuni ya Serena, pakakarabatiwa na kufunguliwa upya 2006. Pale ni pahali palipokuwa na historia nzito ya watu kuteswa miaka ya sabini. Leo wageni wanakunywa kahawa.

Na kwetu? Watu wa Changamwe hawahitaji kusimuliwa. Reli yetu ilikodishwa 2006 kwa mkataba wa miaka 25, tukaambiwa mabehewa mapya, mwendo mpya, mizigo itatoka barabarani. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa kabla haujafika nusu. Kwa hivyo mtu akikwambia, "Tulia bwana, hatuuzi, twakodisha tu," usitulie wala usiruke. Muulize: miaka mingapi? Kwa kodi gani? Mwekezaji akishindwa, nani anabeba deni? Wafanyakazi waliopo wataenda wapi? Mkataba tutauonea wapi? Mtu mwenye nia nzuri atakuwa na majibu ya maswali hayo kabla hujayauliza.

Hoja ya hasara nayo. Huwa yasemwa hivi: serikali haina biashara ya kuendesha kumbi, jengo linakula pesa, liende. Sikatai kwamba mashirika yetu mengi yameendeshwa ovyo. Lakini jumba la mikutano si duka la unga. Faida yake nyingi haiingii kwenye vitabu vyake. Desemba 2015 mawaziri wa biashara wa dunia nzima walikutana KICC chini ya WTO, mara ya kwanza Afrika. Julai 2016 ukaja mkutano wa UNCTAD, na mwezi uliofuata ule wa Japani na Afrika. Septemba 2023 ukawa wa tabianchi. Wageni wale walilala mahotelini, walipanda teksi, walikula, wengine wakashuka huku baharini. Ile pesa ya teksi haionekani kwenye hesabu za KICC. Kwa hivyo ukipima jengo kwa kodi ya kumbi peke yake, lazima lionekane mzigo.

Lakini pia, na hapa wale wa "wanauza nchi" wasinishangilie mapema, hiyo faida ya nje haiwezi kuwa kisingizio cha milele. Nani ameihesabu? Ukisema jengo linaleta pesa kwa mwananchi wa kawaida, onyesha. Sisi huku Kisauni twaijua biashara ya mikutano kuliko watu wengi. Maafisa wa serikali huja Mombasa kila siku kwa semina, wamevaa zile kadi shingoni, wamelala hoteli za pwani za Bamburi na Shanzu kwa pesa ya kodi. Dada zetu hutandika vile vitanda. Kaka zetu hubeba yale mabegi. Kuna riziki humo, sitaikejeli, kuna nyumba hapa Mjambere zinakula kwa sababu ya semina. Lakini serikali hiyo hiyo ina Chuo cha Serikali chenye kampasi hapa Mombasa na nyingine Matuga, kina kumbi na vitanda. Anayekwambia jumba la umma ni hasara, na mwezi huo huo amelipia ukumbi wa mtu binafsi kwa mfuko wa umma, huyo hajakwambia habari yote.

Sasa kesi. Chama kimoja kilikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria ya ubinafsishaji ya 2023. Desemba mwaka huo shughuli ikasimamishwa, na Septemba 2024 hukumu ikatoka. Watu wengi walisoma kichwa cha habari tu, "Mahakama yazuia kuuzwa kwa KICC", wakasonga. Lakini ndani mna mambo mawili tofauti, na tofauti yake ni kubwa.

La kwanza, sheria yote ilianguka kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hiyo ni kasoro ya njia. Njia yaweza kurekebishwa: warudi bungeni, waite watu, wapitishe tena. Na ndivyo ilivyokuwa, 2025 ikaja sheria mpya. Kwa hivyo waliocheza ngoma 2024 wakidhani mambo yameisha walicheza mapema.

La pili ni la KICC peke yake. Mahakama ilisema jengo lile ni mnara wa taifa unaolindwa na sheria za turathi, kwa hivyo haliwezi kupigwa mnada kama kiwanda cha mchele. Hii si kasoro ya njia, ni hadhi ya kitu chenyewe. Fikirieni Fort Jesus. Wareno walijenga ngome, Waomani wakaichukua, Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958, leo ni jumba la makumbusho na UNESCO imeiorodhesha toka 2011. Matumizi yamegeuka mara ngapi? Lakini nani leo anaweza kusimama Mombasa aseme Fort Jesus haileti faida, tuiuze? Atatafuta njia ya kutokea. Sasa KICC iko chini ya mwavuli wa aina hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yenyewe bado ni changa na mwavuli wake hatujauzoea.

Halafu kuna jambo la nani anaingia. Jengo laweza kuwa la umma kwa hati na lisiwe la umma mlangoni. Desemba 2007 kura za urais zilijumlishwa KICC. Nchi nzima ilikuwa macho kwenye runinga. Tarehe 30 ukumbi ukatolewa watu na askari, na matokeo yakatangazwa kwenye chumba kidogo, kamera ya shirika la utangazaji la serikali peke yake. Yaliyofuata mwayajua, zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini. Sisemi chumba ndicho kilichoua. Nasema siku ile Wakenya walikuwa na jumba kubwa kuliko yote nchini, lao wenyewe, na jambo lao kubwa kuliko yote likafanyiwa pembeni, mlango umefungwa. Hati haikuwasaidia kitu.

Basi nimefika kwa lile la tatu. "Ni la Nairobi, latuhusu nini?"

Hapa Kisauni hebu nitajieni viwanja vya umma vilivyobaki. Si viwanja vya mpira tu. Zahanati, soko, njia ya kushukia pwani, ukumbi wa jamii. Tume ya Ndung'u ilikaa 2003, ikatoa ripoti 2004 juu ya ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria nchi nzima, na Pwani haikukosa kwenye kurasa zile. Ukiisoma utaona wizi ulikuwa na mtindo. Haukuanza kwa ukuta. Ulianza kwa kimya, kipande cha ardhi kisichokuwa na hati, ambacho kila mtu alijua ni cha umma na hakuna aliyejua umma una karatasi gani. Halafu siku moja mtu anakuja na karatasi. Sisi tuna maneno, yeye ana karatasi, na mahakamani mwajua nani anasikizwa kwanza.

Ndiyo maana KICC yanihusu mimi mtoto wa Mjambere. Kama jumba lililo kwenye kila noti, lenye mawakili na wanahabari mlangoni, liliweza kukaa miaka thelathini bila swali la umiliki kumalizwa kwenye karatasi, kiwanja chetu cha nyuma ya msikiti kitasalimika kwa nini? Na hukumu ya 2024, ile sehemu ya kwanza ya kushirikisha wananchi, haikusema wananchi wa Nairobi. Bandari ikitajwa kesho, na imeshatajwa zaidi ya mara moja, hukumu kama hiyo ndiyo tutakayoishika mkononi.

Kwa vitendo, basi. Katiba kifungu cha 35 yakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 yampa afisa siku 21 za kukujibu. Huhitaji wakili. Ni barua: naomba kujua kiwanja hiki kimesajiliwa kwa jina la nani, na kama kuna mpango wa kukikodisha au kukiuza. Andika tarehe, weka nakala, pigisha muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ndio muhimu, usiondoke bila huo. Na matangazo ya mikutano ya maoni ya wananchi hutoka gazetini, mara nyingi siku chache kabla, kwa herufi za sisimizi. Nimeongea na wenzangu wawili, tutakuwa tukiyasoma na kuyaweka kwenye uzi huu kwa Kiswahili cha kueleweka, kila yakihusu Mombasa.

Barua ya kwanza tumeshaiandika, ni ya kile kiwanja mlichokuwa mkinitajia wakati naingia. Iko hapa mezani. Inahitaji sahihi za wakaazi na nambari za vitambulisho, na kesho asubuhi inapelekwa. Kalamu ninazo mbili tu, kwa hivyo mama zangu waanze, na mwenye swali aulize huku wenzake wakitia sahihi. Naona mzee pale ameinua mkono kitambo. Karibu, mzee wangu.